Nchi ya Waomba Radhi

Hapo juzi, wala si zamani, palikuwa na nchi ya visiwa ambayo sitaitaja jina, kwa kuwa ni nchi yenye haya na haipendi kutajwa bila kupewa taarifa siku tisini kabla. Ilikuwa nchi nzuri mno. Siku moja treni iliondoka sekunde ishirini kabla ya wakati wake, mkuu wa reli akalia mbele ya kamera, na taifa zima likakosa hamu ya chakula cha jioni. Mtu akiangusha ganda la njugu njiani aliliokota, akaenda nalo kwake, akaliosha, akalihifadhi mpaka siku ya maganda, ambayo ni Jumatano ya pili ya kila mwezi.

Watawala wake walikuwa wazee wa chama kimoja, kilichotawala miaka sabini kwa sababu wananchi hawakutaka kukisumbua. Waziri Mkuu alibadilishwa kila msimu pamoja na mapazia. Mbunge akifa, mwanawe alirithi kiti, na hapa nasema kiti chenyewe, cha mbao, chenye mto uliobonyea kwa makalio ya babu. Wenye nchi hawakuona ajabu. Walisema mtoto wa nyoka ni nyoka, wakapiga kura, wakawahi kazini.

Katika nchi hiyo aliishi mtu wa Muheza aitwaye Mbaruku Sengondo. Alikwenda kwa mafunzo ya miezi sita ya kutengeneza pampu za maji, akaoa, akakaa miaka ishirini na miwili. Pampu alikwisha kuzisahau. Alikuwa na kibanda cha maandazi kando ya kituo cha treni cha Kawashita, yeye akikaanga na mkewe, Bi Oyumi, akihudumia wateja, ambao walikuja kupanga foleni nusu saa kabla ya unga kukandwa. Walimpenda sana. Walimwita Bwana Mgeni, na kila siku walimsifu kwa jinsi alivyoijua lugha yao. Mwaka fulani duka la jirani liliposhika moto, Mbaruku alitoka akipiga kelele, "Moto! Moto! Leteni maji!" na watu kumi na wawili wakasimama kumpongeza kwa matamshi yake.

Sasa huyu Mbaruku alikuwa na mdomo. Kwao Muheza wangemwita mjuaji, wangempiga vijembe viwili vitatu akanyamaza. Ugenini hakuna aliyempiga kijembe, basi akawa anasema tu. Alisema huku akigeuza maandazi kwamba wabunge wamelala, na si kwa mafumbo, aliwaona kwenye televisheni wakikoroma. Alisema watu wanafanya kazi mpaka wanasahau majina ya watoto wao. Alisema nyumba hapangishwi mgeni mpaka adhaminiwe na mwenyeji, na mwenyeji naye adhaminiwe na marehemu babu yake. Wateja waliinamisha vichwa, wakasema kweli kabisa, wakaomba maandazi mawili.

Habari zikafika kituo cha televisheni. Wakamwanzishia kipindi kila Jumamosi, kiitwacho "Mgeni Anasemaje?" Mbaruku alikaa kwenye kiti chekundu, akakosoa jambo moja kwa dakika kumi. Alipomaliza, mlango ulifunguka na mhusika wa jambo hilo akaingia amevaa suti nyeusi. Akasimama, akaweka mikono mapajani, akainama kwa nyuzi arobaini na tano kamili, na pembeni palikuwa na mtu wa kipimapembe na mtu wa saa ya mbio. "Tunaomba radhi kutoka ndani ya moyo," alisema mhusika. Watazamaji walilia, walipiga makofi, na Mbaruku alirudi nyumbani kifua mbele kama jogoo.

"Unaona, mke wangu?" alikuwa akisema. "Nchi hii inabadilika. Mkoko unaalika maua."

Bi Oyumi alikuwa akimmiminia chai, kisha akigeuza kalenda na kuandika kitu nyuma yake.

* * *

Mambo yaliharibika siku Mbaruku alipokwenda kuongeza muda wa Kibali cha Kukaa Daima, ambacho huongezwa muda kila mwaka. Kazi hiyo iko chini ya Wizara ya Wageni na Vimbunga. Ni wizara moja, kwa kuwa vyote viwili hutoka baharini na vyote viwili hutarajiwa kupita.

Lazima nieleze habari ya mihuri, maana huko hakuna karatasi inayotembea bila mihuri kumi na mitatu. Muhuri wa mdogo haugongwi wima. Hugongwa umelala kidogo kuelekea muhuri wa mkubwa, ili uonekane unauinamia. Karani huinamia msimamizi, msimamizi huinamia mkuu wa kitengo, na kadhalika mpaka kwa katibu mkuu. Ni adabu nzuri sana na hata mimi imenigusa. Ila mwaka huo Bwana Tokumaru, karani wa dirisha la saba, mtu mpole mwenye nywele zilizochanwa kwa rula, aliusikia moyo wake umejaa heshima kupita kiasi. Akauinamisha muhuri wake mpaka ukalala chali. Muhuri ukatoka katika kisanduku kilichoandikwa ANAKAA, ukaangukia katika kisanduku cha pili.

"Bwana Mgeni," alisema Bwana Tokumaru dirishani, akiishika karatasi kwa mikono miwili, "tunasikitika kukuarifu kwamba umeondoka."

"Nimeondoka wapi?"

"Nchini."

"Lini?"

Bwana Tokumaru akapekua. "Tarehe tatu. Hali ya hewa ilikuwa nzuri."

"Ala! Bwana Tokumaru, mimi si huyu hapa? Jana asubuhi si ulinunua maandazi manne kwangu?"

"Matano," alisema Bwana Tokumaru kwa unyenyekevu, "na yalikuwa matamu sana. Wizara nzima inashukuru. Lakini umeondoka."

Mbaruku aligonga dirisha, akajigonga kifua, akaingiza mkono ndani ya tundu la dirisha ili aguswe. Bwana Tokumaru aliugusa, akakubali kwamba ni mkono, tena wa moto. Akaeleza kwa upole kwamba Daftari la Taifa halijawahi kusema uongo tangu lianzishwe, na kwa kuwa lilisema Mbaruku ameondoka, ilibidi Mbaruku alitimize neno lake kwa miguu yake mwenyewe kabla ya Jumamosi saa sita mchana. Atakayeonekana nchini baada ya kuondoka, polisi watamsaidia kuondoka.

"Na mke wangu?"

"Mkeo atapewa cheti cha upweke. Kina picha ya ua."

Hapo Mbaruku alinyong'onyea. Bwana Tokumaru naye macho yalimlowa, akasogea karibu na kioo.

"Bwana Mgeni, kosa ni letu. Ni langu. Usiwe na wasiwasi, tutaomba radhi. Ijumaa saa nne asubuhi, mbele ya televisheni zote. Mheshimiwa Waziri mwenyewe atainama, na mimi nitainama nyuma yake." Sauti ikamtetemeka kwa furaha. "Miaka thelathini na mmoja niko dirisha hili, sijawahi kufanya kosa la kumfikia waziri. Mama yangu amenunua televisheni mpya."

Mbaruku akapumua. Ikiwa waziri mwenyewe anaomba radhi, basi jambo limekwisha. Alitoka wizarani akipiga mluzi.

* * *

"Limekwisha, ndiyo," alisema Bi Oyumi. Alikaa chini na unga mikononi. "Mume wangu, limekwisha kabisa."

"Sasa mbona unalia?"

"Hebu niambie. Lile daraja letu hapo chini, umewahi kujiuliza kwa nini halimaliziki?"

Mbaruku alilijua daraja la Kawashita, nani asiyelijua. Lilianza kujengwa kutoka ng'ambo zote mbili za mto, na lilipofika katikati pande zile zikapishana kwa mita nne. Watu walilipanda mpaka katikati, wakatazama maji, wakarudi, wakazunguka kilomita tatu kwenda upande wa pili. Katikati palikuwa na bamba la shaba lenye sanamu ya waziri wa ujenzi ameinama, na kila mwaka wanafunzi waliletwa kulitazama.

"Aliinama dakika nzima," alisema Bi Oyumi. "Mimi nilikuwapo, nilikuwa msichana. Kosa likishaombewa radhi, halirekebishwi. Ukilirekebisha ni sawa na kumwambia aliyeinama kwamba kuinama kwake hakukutosha. Hilo ni tusi. Hakuna mtu hapa anayeweza kulifanya, hata akitaka."

Mbaruku naye akakaa chini.

"Na yale niliyoyakosoa kwenye televisheni? Wabunge? Wapangaji? Watu wanaokufa makazini?"

"Mambo mia tatu na kumi na mawili," alisema Bi Oyumi, ambaye alikuwa akiyaandika nyuma ya kalenda. "Yote yaliombewa radhi."

"Kwa hiyo..."

"Kwa hiyo yatabaki hivyo hivyo milele. Ndiyo maana serikali inatuletea lile tikiti maji la shukrani kila mwisho wa mwaka."

Mbaruku aliichukua ile kalenda, akaisoma mstari kwa mstari. Alikuwa akidhani analikosoa taifa, kumbe alikuwa analipigia misumari. Zile sheria mbovu ambazo zingekufa zenyewe kwa uzee, yeye ndiye aliyezikausha zikadumu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa na furaha sana siku za Jumamosi," alisema Bi Oyumi.

Na sasa ilikuwa zamu yake yeye. Ijumaa saa nne waziri angeinama, na kuondoka kwa Mbaruku kungekuwa kama lile daraja. Bi Oyumi hakuwa na wa kumwachia mama yake mwenye miaka tisini na mitatu, na Mbaruku hakuwa na wa kumwachia Bi Oyumi. Kwao Muheza waliomjua walikwisha kuzikwa. Alimpenda mkewe, alikipenda kibanda chake, na, Mola amsamehe, aliipenda hata ile nchi. Aliogopa mno, wala hakuficha.

Kesho yake walikwenda wizarani kuomba wasiombwe radhi. Wizara ilishtuka. Bwana Tokumaru alipekua vitabu kuanzia enzi za mababu, akasema hakuna mfano wa jambo hilo, na jambo lisilo na mfano haliwezi kuwa la kwanza. Waliporudi nyumbani walikuta majirani wameleta mashada ya maua. Radhi ya waziri! Mtaa mzima haukuwahi kupata radhi ya ngazi hiyo. Mwenyekiti wa mtaa alisema labda watajengewa bamba la shaba.

Alhamisi Bi Oyumi alimpigia mumewe pasi suti ile ile mara tatu. Alipokuwa anaitundika ndipo alipofungua kinywa.

"Kuna kitu kimoja tu. Radhi haipokelewi na mtu aliyeinama. Anayepokea lazima awe amesimama wima."

* * *

Ijumaa ukumbi wa wizara ulijaa kamera. Sakafu ilipigwa rangi mpya, na alama mbili zikachorwa, moja ya mwombaji na moja ya mwombwa. Mtu wa kipimapembe alikuwapo, mtu wa saa ya mbio alikuwapo, na mwanasheria wa wizara alikuwapo na kitabu kinene cha Kanuni za Kuinama. Waziri wa Wageni na Vimbunga, mzee wa miaka sabini na tisa, aliingia akishikwa mkono. Kiti chake bungeni kilikuwa cha babu yake, na hotuba pia ilikuwa ya babu yake, ila neno "farasi" lilikuwa limefutwa na kuandikwa "faksi".

"Ndugu wananchi," alisoma, "katika zama hizi za kasi, zilizoletwa na faksi, ambazo hula nyasi na kukimbia usiku kucha..." Watu walitikisa vichwa kwa kukubali. Nyuma yake Bwana Tokumaru alisimama katika suti mpya, midomo ikimcheza kwa kuhesabu.

Waziri alikunja karatasi. Akaweka mikono mapajani. Kiuno kikaanza kukunjika.

Mbaruku akainama kabla yake.

Ukumbi ukaguna. Waziri, akiwa na nyuzi thelathini, alimwona mwombwa wake yuko nyuzi sitini. Adabu haikumruhusu kuwa juu. Akashuka. Mbaruku akashuka zaidi. Waziri akapiga goti moja, Mbaruku akapiga yote mawili. Waziri akapeleka paji la uso sakafuni. Mbaruku akalala kifudifudi. Mtu wa kipimapembe alikuwa akizunguka kwa magoti na kusema, "Sifuri! Wote ni sifuri!" Msaidizi wa waziri akalala, katibu mkuu akalala, Bwana Tokumaru akalala, wapiga picha wakaona aibu kusimama peke yao nao wakalala na kamera zao, na nchi nzima ikaangalia kwa muda picha nzuri ya dari.

"Mheshimiwa," alinong'ona Mbaruku, shavu likiwa sakafuni, "simama tu."

"Siwezi," alinong'ona waziri, ambaye mgongo ulikuwa umekwama. "Kweli siwezi."

Walinzi wawili waliokuwa mlangoni waliona mzee amelala hatikisiki. Walidhani amezidiwa. Wakaruka miili, wakamkamata makwapani, wakamnyanyua hewani, wakamsimamisha wima kama mlingoti wa bendera.

Mbaruku aliona viatu vya waziri vimesimama. Hakungoja.

"Mimi, Mbaruku Sengondo, naomba radhi!" alipaza sauti kutoka sakafuni. "Daftari la Taifa linasema nimeondoka, nami nipo. Nimelidhalilisha. Nimekaa, nimekaanga, nimekula, nimelala kwa mke wangu hata baada ya kuondoka. Kosa ni kubwa. Naomba radhi kwa kuwa nipo. Naomba radhi kwa kuwa nampenda mke wangu, na kwa sababu hiyo nitaendelea kuwapo. Kutoka ndani ya moyo, naomba radhi!"

Machozi yalimtoka kweli, wala hakuwa anaigiza. Alibaki chini. Saa ya mbio ilifika dakika moja, ikapita rekodi ya waziri wa ujenzi, ikafika dakika moja na sekunde hamsini na mbili. Majumbani watu walilia kwa sauti. Bi Oyumi, aliyekaa mstari wa nyuma, alibana mdomo kwa leso, na jirani yake hakujua kama analia au anacheka.

Mwanasheria alifunua kitabu, akafunua tena, akatambaa mpaka miguuni pa waziri.

"Mheshimiwa," alisema, "umeipokea."

* * *

Basi ikawa imekwisha. Kumwondoa Mbaruku kungekuwa kurekebisha kosa lililoombewa radhi dakika mbili kasoro, na hakuna waziri aliyekuwa tayari kuingia katika historia kwa utovu wa adabu wa namna hiyo. Katika Daftari la Taifa waliandika: "Ameondoka. Yupo. Ameomba radhi." Mihuri kumi na mitatu ikagongwa, yote imelala.

Bwana Tokumaru alilia siku tatu, kwa kuwa mama yake alimwona ubavu tu. Wizara ilimpandisha cheo ili afanye makosa makubwa zaidi. Kituo cha televisheni kilimtaka Mbaruku arudi Jumamosi, naye akakataa. Wakamwomba radhi kwa kutomwona tena, na kwa hiyo hawakumwona tena. Jumatatu wageni mia nane wenye vibali vya mashaka walipanga foleni nje ya wizara, kila mmoja na suti ya kuazima, wakitaka kuomba radhi kwa kuwapo. Kufikia mchana serikali ilikuwa imetunga Kibali cha Kuomba Radhi, ambacho hupewa mgeni asiye na kosa.

Mbaruku alirudi kwenye karai lake. Ulimi wake ulikuwa umetulia. Alipoona jambo baya alilimeza, kwa hofu ya kulifanya lidumu, na majirani wakasema Bwana Mgeni amekuwa mtu wa maana.

Miezi miwili baadaye, asubuhi ya mvua, alikuja mwanamke mmoja mwenye mwavuli wa kijani, mteja wao wa miaka tisa. Alikuwa amerudisha andazi. Aliliweka mezani taratibu, huku akiona haya, akaonyesha mahali alipong'ata. Ndani lilikuwa bichi, unga mtupu.

Mbaruku alilitazama. Mafuta yalikuwa yanachemka pale pale, donge la unga lilikuwapo, na kukaanga jingine ilikuwa kazi ya dakika mbili. Akaweka mikono mapajani, akainama. Akahesabu moyoni mpaka kumi na tano. Mwanamke naye akainama, akashukuru sana, akafungua mwavuli, akaenda zake na njaa yake.

"Mume wangu," alisema Bi Oyumi kutoka nyuma, "sasa umekuwa wa hapa."

Alisema kwa mapenzi, wala hakukusudia kumchoma. Lakini Mbaruku yalimchoma. Alisimama akiitazama mikono yake, ambayo ilikuwa bado mapajani, akaogopa kuliko alivyoogopa siku ya dirisha la saba. Kisha akakata donge, akalitupa karaini, akaligeuza, akalitoa likiwa jekundu, akalifunga kwenye karatasi na kutoka mbio mvuani bila kofia wala viatu vya maana.

Alimkuta mwanamke mwisho wa jukwaa la treni. Alimnyooshea lile andazi huku akihema. Mwanamke alilitazama akabadilika rangi. Alirudi nyuma hatua moja. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akaushusha mwavuli mpaka ukawafunika wote wawili. Ndipo akalipokea, akaling'ata likiwa la moto, akalila lote kwa matonge manne, amefumba macho.

Akajifuta mdomo kwa leso.

"Tafadhali, Bwana Sengondo," akasema kwa sauti ya chini, "mtu asijue."